Masharti ya hati ya nyumba Houston: yasome kabla hujasaini, na ujue la kufanya barua ikija

Shemeji yangu alikuwa hajamaliza wiki mbili kwangu barua ilipofika. Kazi yake ni kupaka rangi nyumba. Pikapu yake ina ngazi mbili juu na namba ya simu ya biashara ubavuni, na kila jioni alikuwa anaiegesha mbele ya gereji yangu. Barua ilikuwa ukurasa mmoja na picha moja: pikapu, ngazi, namba ya nyumba ukutani, na chini yake saa iliyopigwa, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. "Gari la biashara limeegeshwa mahali panapoonekana kutoka barabarani." Akaisoma mara mbili, akaniangalia. "Shemeji, kwani hii nyumba ni yako au umepanga?"

Nyumba ni yangu na mkopo nalipa mimi. Lakini miaka mingi kabla sijakanyaga Texas, kampuni iliyopima viwanja vya mtaa huu ilisajili kaunti karatasi zinazosema kila kiwanja kitumikeje: kijengwe nini, umbali gani kutoka barabarani, kiegeshwe nini, kifugwe nini. Kila aliyenunua baada yake alinunua pamoja na karatasi hizo, awe amezisoma au hakuzisoma. Hayo ndiyo masharti ya hati. Yanafuata ardhi. Nyumba ikiuzwa mara kumi, yanahamia kwa mwenye nyumba wa kumi.

Nayaandika haya kwa Waswahili wenzangu wa Houston na vitongoji vyake, Alief, Katy, Sugar Land na kwingineko, hasa mnaonunua nyumba ya kwanza. Mimi si wakili. Ukishaitwa mahakamani mtafute aliyesomea. Kabla ya hapo kuna mengi unaweza kuyafanya mwenyewe, na karibu yote yanaanzia mahali pamoja: kinachokufunga ni maneno yaliyosajiliwa kaunti. Maneno ya barua hayakufungi, ya jirani hayakufungi, hata ya dalali aliyekuuzia hayakufungi.

Kwanza, elewa kwa nini Houston wanayashikilia hivi

Miji mikubwa ya Marekani kwa kawaida ina sheria ya mipango miji inayogawa maeneo: huku makazi, kule viwanda, pale maduka. Houston haina mgawanyo huo. Wapiga kura waliulizwa mwaka 1948, wakaulizwa tena 1962 na 1993, na mara zote tatu wakakataa. Kwa hiyo kinachozuia mtu asifungue gereji ya kupuliza rangi magari pembeni ya dirisha la chumba chako, kwa sehemu kubwa, ni haya masharti ya binafsi. Idara ya sheria ya jiji yenyewe ina watu wa kuyasimamia, jambo ambalo si la kawaida, kwa sababu kwingine serikali huwaachia majirani wamalizane wenyewe.

Kabla hujaanza kusoma nyaraka za mtaa wa zamani, jua jambo moja lisije likakushtua. Unaweza kukuta kifungu kinachosema nyumba isiuzwe wala isikaliwe na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Vilikuwa vingi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley v. Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kuvitekeleza, na sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 ikavipiga marufuku. Maneno yenyewe yalibaki kwenye kumbukumbu za kaunti kwa sababu karatasi haijifuti. Tangu 2021 Texas ina utaratibu wa mwenye nyumba kuomba mahakama iyaondoe. Hayana nguvu yoyote juu yako, ingawa kuyasoma jikoni kwako ukiwa na kikombe cha chai ni jambo jingine.

Pili, zipate nyaraka kabla ya kufunga mauziano

Usisubiri uletewe. Ukiingia mkataba wa kununua, kampuni ya bima ya hati, ile inayokukinga dhidi ya madai juu ya umiliki, hutoa ripoti ya awali kuhusu nyumba. Fungua sehemu inayoitwa Schedule B, uangalie kipengele cha 1. Hapo ndipo masharti yanapotajwa, mara nyingi kwa namba za kumbukumbu tu. Watu wengi huona zile namba wakafunua ukurasa. Wewe omba nakala za kila namba iliyotajwa. Wanazo.

Halafu rudi kwenye mkataba wenyewe wa mauzo. Katika fomu ya kawaida ya jimbo kuna aya ya 6D yenye mstari mtupu wa kujaza matumizi unayokusudia. Ukiandika pale kwamba unataka kulea watoto wa watu nyumbani, kisha ikaonekana masharti yanakataza, unayo haki ya kupinga kwa maandishi ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Dalali wengi huuacha mstari huo wazi. Mwambie wako aujaze, hata kama atakuna kichwa.

Kumbukumbu za ardhi ziko pia ofisi ya karani wa kaunti, na unaweza kuzitafuta mtandaoni kwa jina la mtaa. Hakikisha tu unajua nyumba iko kaunti gani, maana anwani ya Katy inaweza kuwa Harris au Fort Bend, na ukitafuta kaunti siyo utadhani nyumba haina masharti. Tafuta waraka wa kwanza na marekebisho yake yote. Mtaa wa mwaka 1978 unaweza kuwa na marekebisho matano, na la mwisho ndilo linalokuhusu zaidi.

Kama kuna chama cha wenye nyumba, ile HOA ambayo kila mtu anailalamikia, kitafute kwenye tovuti ya jimbo, hoa.texas.gov. Vyama vinatakiwa kuweka hapo cheti kinachoonyesha nani anaviendesha na anapatikana wapi. Kisha omba cheti cha mauzo kutoka kwa chama. Kitakuambia ada ni kiasi gani, muuzaji anadaiwa nini, na kama kuna ukiukwaji ambao chama kinaujua. Hilo la mwisho ndilo la thamani kubwa. Banda alilojenga aliyekuuzia bila ruhusa litakuwa banda lako siku ukichukua funguo. Sheria imeweka kikomo cha ada ya cheti hicho, dola 375, kwa hiyo ukitajiwa zaidi uliza kwa nini.

Tofautisha pia HOA na kile wanachokiita civic club. Mitaa mingi ya zamani ya Houston ina civic club, yaani chama cha hiari cha majirani. Unaweza kujiunga au usijiunge. Hakina uwezo wa kubandika deni juu ya nyumba yako kama hukukilipa mchango wa hiari. Hilo halifuti masharti. Jirani mmoja peke yake, bila chama chochote, anaweza kukushtaki kwa kuyakiuka ikiwa naye anamiliki kiwanja katika mpango huohuo.

Tatu, soma ukiwaza maisha yako mwenyewe

Usisome kama mtu wa mahakama. Soma kama mtu atakayeishi humo. Chukua kalamu, andika pembeni mambo ambayo familia yako hufanya kweli, kisha tafuta kila moja lilivyoandikwa.

Biashara nyumbani ni la kwanza. Namjua mama mmoja wa Uvira anayesuka nywele. Alinunua nyumba yenye sebule kubwa makusudi, akaweka viti viwili na kioo. Masharti yake yalisema nyumba itumike kwa makazi ya familia moja tu, na yakaongeza kwamba pasiwe na biashara inayoleta wateja. Ule mwongezo ndio uliomkamata. Wapo majirani zake wanaofanya kazi ya kompyuta nyumbani siku nzima na hakuna aliyewauliza, kwa sababu hawana wateja mlangoni. Kusuka, kulea watoto, kupika mandazi na sambusa za kuuza, kushona, yote yapime kwa swali hilo: je, kuna watu na magari yanayokuja?

Kupangisha kwa siku chache ni jambo ambalo watu hubishana sana, na hapa sheria ya Texas iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2018, katika kesi ya Tarr dhidi ya chama cha wenye nyumba cha Timberwood Park, Mahakama ya Juu ya Texas ilisema sharti la "makazi" peke yake halikatazi kupangisha nyumba kwa muda mfupi. Wageni wanalala, wanakula, wanaishi humo, hata kama ni siku tatu. Mwaka 2022 ikarudia msimamo huo katika kesi ya nyumba za Wilcrest Walk hapahapa Houston. Mahakama ilikataa kuongeza neno ambalo waandishi wa masharti hawakuliweka. Lakini tangu hapo vyama vingi vimefanya marekebisho yanayotaja wazi idadi ya siku, kwa hiyo soma marekebisho ya mwisho.

Kisha bustani. Sisi tunapanda. Matembele, sukuma wiki, mahindi mistari miwili, lenga-lenga. Mara nyingi uwanja wa nyuma hauna shida. Uwanja wa mbele ndio wenye maneno: nyasi za aina fulani, maua, miti mingapi. Mahindi yakifika kimo cha mtu mbele ya nyumba, barua itakuja kabla hayajatoa ndevu. Kuku nao watafute chini ya "mifugo" na pia chini ya "ndege", kwa sababu kuna nyaraka zinazokataza kimoja zikasahau kingine. Na ukiruhusiwa na masharti, bado jiji lina kanuni zake za ufugaji. Mambo haya mawili hayafutani.

Magari, sehemu iliyonigusa mimi. Angalia neno "gari la biashara" limefafanuliwaje, kama trela inaruhusiwa, kama unaweza kuegesha barabarani usiku. Ukiwa na msiba nyumbani na watu arobaini wamekuja kukaa matanga siku tatu, hilo swali la barabarani litakuwa la kweli kabisa. Waambie majirani wa pande mbili mapema. Hakuna kifungu kinachotaka hivyo, lakini barua nyingi huanza na jirani aliyepiga simu.

Mwisho, mstari wa kujengea. Hii ni namba, kwa mfano futi 25 kutoka mpaka wa barabara, na ni sharti ambalo mahakama huwa hazina huruma nalo. Kibaraza kikivuka kwa futi tatu, unaweza kuamriwa kukibomoa.

Mengine, kama rangi za malango, aina ya sanduku la barua na saa ya kutoa pipa la taka, yapitie haraka. Yanakera lakini hayafilisi.

Nne, jua kile ambacho chama hakiwezi kukukataza

Waraka ukisema jambo, haimaanishi sheria ya jimbo imelikubali. Bunge la Texas limekuwa likivikata makali vyama kidogo kidogo. Sola: chama kinaweza kupanga ikae wapi juu ya paa, hakiwezi kuikataa kabisa ilhali iko kwenye paa lako na inatimiza masharti ya sheria. Mapipa ya kuvuna maji ya mvua, vivyo hivyo. Jenereta la kudumu la umeme linalindwa pia, na aliyekaa gizani siku kadhaa baada ya kimbunga Beryl Julai 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini. Alama za dini mlangoni, bendera ya nchi hii na ya jimbo, mabango ya wagombea wakati wa uchaguzi, vyote vina ulinzi wenye mipaka yake. Hata meza ya mtoto ya kuuza juisi ya ndimu ina sheria yake ya mwaka 2019.

Dishi la satelaiti linalindwa na kanuni ya serikali kuu tangu 1996, mradi kipenyo kisizidi mita moja. Wazazi wakija kutoka nyumbani wakataka stesheni zao, fungeni bila wasiwasi.

Tano, omba ruhusa kabla ya kuchimba

Fensi, banda, kuongeza chumba, kupaka rangi nje, kumwaga zege la kuegeshea: vyote huenda kwenye kamati ya usanifu kama chama kipo. Peleka ombi kwa maandishi pamoja na mchoro, vipimo, picha ya rangi na jina la fundi. Hifadhi ushahidi wa siku uliyotuma. Wakikataa, wanatakiwa wakuandikie sababu na mabadiliko wanayotaka, na una siku 30 tangu kutumiwa barua hiyo kuomba kusikilizwa na bodi. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mjumbe wa bodi uliyekutana naye akitembeza mbwa haina thamani yoyote. Bodi hubadilika, na yule mwenye mbwa atahama.

Kibali cha ujenzi cha jiji nacho ni kitu kingine. Houston inapokupa kibali hukutaka utamke kuhusu masharti ya hati yanayogusa kiwanja chako. Ukitamka uongo, umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Sita, barua ikija

Barua ya kwanza mara nyingi ni ya kukumbusha tu. Ya pili ndiyo yenye meno. Kabla ya kukutoza faini au kukushtaki, chama kinatakiwa na Sura ya 209 ya sheria ya mali ya Texas kukutumia barua ya rejista, ile ambayo tarishi anataka usaini. Usikatae kuipokea ukidhani umeikwepa. Siku zinaanza kuhesabiwa tangu ilipotumwa, siyo tangu ulipoifungua.

Barua hiyo lazima ieleze kosa ni nini, unadaiwa kiasi gani kama kipo, na una hadi tarehe gani kurekebisha bila kulipa faini, iwapo kosa linarekebishika na halihatarishi afya wala usalama. Lazima pia ikuambie una haki ya kuomba kusikilizwa ndani ya siku 30. Angalia kama uliwahi kuandikiwa kosa lilelile katika miezi sita iliyopita. Kama ndiyo, hawadaiwi kukupa muda mwingine wa kurekebisha.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huu. Piga picha ya hali ilivyo siku hiyo. Fungua masharti yaliyosajiliwa, tafuta kifungu ambacho barua imekitaja, ukilinganishe neno kwa neno. Kama umekosa, rekebisha, piga picha nyingine, itume kwa maandishi. Kama hujakosa, au huna hakika, omba kusikilizwa kabla ya siku ya 30, nawe pia kwa barua ya rejista au kwa baruapepe ambayo unaweza kuonyesha ilifika.

Barua ya pikapu ilipofuatiwa na ya rejista nilikasirika kwanza, kisha nikasoma. Nilikuta ufafanuzi kwenye ukurasa wa kumi na moja, katika aya ambayo nadhani hata kampuni inayotusimamia haikuwa imeifikia: gari la biashara ni gari lenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani moja. Pikapu ya shemeji ni ya nusu tani. Ngazi haikutajwa popote. Namba ya simu ubavuni haikutajwa popote.

Nikaomba kusikilizwa. Bodi inatakiwa kuitisha kikao ndani ya siku 30 baada ya kupokea ombi, ikuarifu angalau siku 10 kabla, na ikupe angalau siku 10 kabla nyaraka na picha zote inazokusudia kutumia. Ikichelewesha nyaraka hizo una haki ya kuahirishiwa siku 15 bila kuomba kwa magoti. Mimi za kwangu zilikuja siku nne kabla. Niliomba kuahirishwa, wakaahirisha. Unaruhusiwa pia kurekodi sauti, nami nilirekodi, kwa kuwataarifu, simu ikiwa mezani. Kikao kilikuwa na wazee watatu na mwanamke mmoja wa kampuni. Nikasoma ile aya kwa sauti. Mzee wa katikati akaomba nirudie. Akavua miwani, akamwangalia yule mwanamke, na faini ikafutwa. Shemeji wakati huo alikuwa ameshahamia Dallas.

Somo la kiutendaji: nisingesoma ningelipa. Na kama pikapu ingekuwa ya tani moja na nusu, nisingeenda kubishana, ningeiweka nyuma ya geti.

Saba, tofautisha faini na ada

Hapa ndipo watu wanapoteza nyumba, kwa hiyo soma taratibu. Ada ni mchango wako wa mwaka au wa robo mwaka wa kuendesha mtaa. Faini ni adhabu. Tangu 2024, vyama vinavyotoza faini vinatakiwa viwe na sera iliyoandikwa inayoonyesha viwango, nawe unaweza kuidai. Texas chama hakiwezi kuuza nyumba yako kwa sababu ya faini peke yake, wala kwa gharama za wakili zilizotokana na faini peke yake.

Ada ni habari nyingine kabisa. Deni la ada linabandikwa juu ya nyumba, na mahakama inaweza kuruhusu nyumba ipigwe mnada hata kama mkopo wa benki umelipa bila kukosa mwezi. Nimewasikia watu wakisema, "Bwawa la kuogelea limefungwa mwaka mzima, silipi." Lipa, kisha gombana. Kugomea ada ni kuwapa silaha pekee waliyokuwa hawana.

Ukikwama kifedha, omba mpango wa kulipa kidogo kidogo. Vyama vyenye viwanja zaidi ya 14 vinatakiwa viwe na utaratibu huo, na muda wake usipungue miezi mitatu. Ukituma fedha ukiwa umechelewa, na hujavunja mpango wa kulipa uliokubaliana nao, sheria inasema zianze kulipa ada, faini ije baadaye. Nyumba ikiuzwa mnadani kwa deni la ada, una siku 180 tangu chama kikutumie taarifa ya mauzo za kuikomboa kwa kulipa deni na gharama. Ni gharama nzito, lakini mlango upo.

Jambo moja letu sisi. Tunasafiri nyumbani, wiki sita, wakati mwingine miezi mitatu mzazi akiugua, na barua zinarundikana sandukuni. Kabla ya kuondoka, weka malipo ya ada yajilipe yenyewe, na mpe mtu mmoja unayemwamini ruhusa ya kufungua chochote kilichoandikwa jina la chama.

Chama, au jirani, kikienda mahakamani, kinaweza kuomba amri ya kukuzuia au kukulazimisha kubomoa, na jaji anaweza kuongeza fidia hadi dola 200 kwa kila siku ya ukiukwaji. Aliyeshtaki akishinda, gharama za wakili wake zinakuwa zako. Hizo ndizo huwatisha watu zaidi ya kosa lenyewe, na wana haki ya kutishika. Migogoro ambayo haihusu kubadilisha jengo inaweza kupelekwa mahakama ndogo ya Justice of the Peace, ambako watu wengi hujitetea wenyewe, na ambako wewe pia unaweza kukishtaki chama kikivunja taratibu za Sura ya 209.

Nane, ukiwa wewe ndiye unayeumia

Jirani amegeuza nyumba kuwa gereji, misumeno inaanza saa kumi na mbili alfajiri, na chama hakipo au kimelala. Pata kwanza nakala ya masharti ya kiwanja chake, siyo chako. Mitaa miwili iliyopakana inaweza kuwa na nyaraka tofauti, na sehemu moja ya mtaa huohuo inaweza kuwa na masharti yaliyokwisha muda wake. Nyaraka za zamani ziliandikwa za miaka 25 au 30, nyingi zikiwa na maneno ya kujirudia kila miaka 10, lakini siyo zote.

Kama kiwanja kiko ndani ya mipaka ya jiji la Houston, piga 311, simu ya huduma za jiji, uelekezwe kwa kitengo cha masharti ya hati katika idara ya sheria ya jiji. Huko hulipi wakili. Wanashughulikia matumizi ya kiwanja, mstari wa kujengea, ukubwa wa kiwanja, na aina, ukubwa na idadi ya majengo. Hawakusanyi ada za chama. Kama uko nje ya mipaka ya jiji lakini ndani ya kaunti ya Harris, sheria inampa mwanasheria wa kaunti uwezo wa kushtaki. Popote pale, wewe na majirani mnaweza kushtaki wenyewe.

Na msichelewe. Mshtakiwa ana hoja mbili ambazo muda unampa bure. Moja, kwamba miaka minne imepita tangu kosa lianze. Ya pili, kwamba mtaa umeshaliacha sharti lenyewe: nyumba nyingi zimekiuka vilevile na hakuna aliyesema, kiasi kwamba mtu wa kawaida angedhani limekufa. Kwa hiyo siku unapoona gari la kwanza linanyanyuliwa kwa jeki uani kwa jirani, piga picha, andika tarehe, na zungukia nyumba nyingine za mtaa uone zipo ngapi kama hiyo.